Mnadi wa Kiooni: Uhakiki wa Istilahi za Uuzaji kwa Televisheni

Dibaji

Kazi ya kuuza bidhaa mbele ya kamera imeingia nchini mwetu kabla ya jina lake. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 1994. Tangu hapo vipindi vimeongezeka, na miongoni mwavyo vimo vile ambavyo shabaha yake si habari, wala mafunzo, wala burudani, bali ni kuuza: sufuria, mikanda ya kupunguza tumbo, mafuta ya ngozi, dawa za asili. Siku hizi kazi hiyo imehamia pia katika simu za mkononi, ambamo kijana mmoja mwenye taa na simu hufanya yale yaliyokuwa yakihitaji kituo kizima. Mtu asimamaye mbele ya kamera na kuuza huitwa leo mtangazaji, kesho mwendesha kipindi, keshokutwa balozi wa bidhaa. Walio nyuma yake hawaitwi lolote.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki majina hayo, na kipimo chetu ni mnada wa Karatu. Hatukuuchagua mji huo kwa sababu ya televisheni. Tumeuchagua kwa sababu hapo kazi ya kuuza kwa sauti hufanywa hadharani, na lugha yake imekwisha komaa vinywani mwa watu. Hoja yetu ni moja: istilahi bora ya kazi hii ni ile inayomjulisha msikilizaji kwamba anayesema naye anauza, na inayompa jina kila mwenye mkono katika uuzaji huo.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na kwa muda mrefu kazi ya kusanifu istilahi ilihesabiwa na wengine kuwa ni ya shuleni. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo basi mfasiri anayechagua leo kati ya mnadi na dalali, au kati ya dhamana na waranti, huenda kesho akawa amechagua ni nani atakayeitwa mbele ya hakimu.

Mnada wa Karatu na lugha yake

Karatu ipo njiani kati ya Mto wa Mbu na lango la Ngorongoro, mkoani Arusha. Siku ya mnada wakulima huleta mahindi na maharage, vitunguu hupandishwa kutoka Mang'ola katika bonde la Ziwa Eyasi, na wafugaji huteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Kwa mfugaji huyo mnada si matembezi. Ngorongoro ilipotengwa mwaka 1959 ilikusudiwa kuwa makao ya wanyamapori na ya wafugaji pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda kuanzia mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo unga wa nyumbani kwake ni wa kununuliwa, na mbuzi ndiye fedha yake. Akidanganywa kwa neno moja la bei au la kipimo, kilichopotea ni chakula cha watoto.

Yafaa tukumbuke pia kwamba wanaokutana hapo hawana lugha moja ya nyumbani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni za Kiniloti. Kihadza cha Eyasi kinahesabiwa na wanaisimu wengi kuwa hakina ndugu. Na wapo wasemaji wa lugha za Kibantu waliohamia kutoka pande nyingine za nchi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini kwa wengi wao ni lugha ya pili. Kwa sababu hiyo mwuzaji wa Karatu hutumia maneno machache, yaliyo wazi, yanayorudiwa: tarakimu ya bei, jina la kitu, na amri ya kirafiki ya kuchagua. Lugha ya namna hiyo haina mahali pa kuficha jambo.

Katika lugha hiyo kila mtu ana jina lake. Mnadi ni yule asimamaye juu ya gari au kasha, akainua nguo na kuitaja bei yake kwa sauti. Dalali husimama kati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi, akala chake katika maafikiano yao. Mchuuzi huzunguka na bidhaa ndogondogo alizozinunua kwa fedha yake. Mpigadebe, pale stendi, huita abiria wa gari lisilo lake. Hata neno mnada lenyewe limepanuka: asili yake ni uuzaji wa kushindania bei, lakini katika wilaya nyingi leo ni siku ya soko na mahali pake, na mifugo mingi huuzwa humo kwa kupatana tu. Pamoja na upanuzi huo, hakuna anayechanganya watu. Kila mmoja anajulikana anakula wapi.

Jina la anayeuza

Tuyatazame sasa majina yanayotumika kwa mwuzaji wa televisheni, moja baada ya jingine.

La kwanza ni mtangazaji. Neno hili ni zuri, na ndiyo sababu hatutaki litumike hapa. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walizoea kwamba sauti ya mtangazaji ndiyo iletayo habari ya taifa, salamu za jamaa na matangazo ya vifo. Imani hiyo ilijengwa polepole, na watu waliokuwa hawana faida katika kile walichokisema. Anayeuza sufuria akiitwa mtangazaji, anaazima imani ambayo hakuichuma. Mtazamaji hutega sikio la habari mahali ambapo angepaswa kutega sikio la sokoni.

La pili ni mwenyeji, ambalo baadhi ya wafasiri wameanza kulitumia kwa kufuata Kiingereza, ambacho humwita kiongozi wa kipindi kwa jina la mtu apokeaye wageni. Katika Kiswahili mwenyeji ni mtu mwenye wajibu: humkaribisha mgeni, humpa maji na chakula, wala hamdai. Isitoshe, mwenye nyumba hapa ni mtazamaji. Yeye ndiye aliyeketi kwake, na yule wa kiooni ndiye aliyebisha hodi. Kumwita mgeni mwenyeji, tena mgeni aliyekuja na bei, ni kuipindua nyumba.

La tatu ni balozi wa bidhaa. Balozi ni mjumbe wa dola. Na katika vijiji na mitaa yetu, balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa kupelekewa mashauri ya majirani. Heshima ya maneno hayo mawili haiuziki. Mwezi wa Mei 2020 balozi wa Rwanda nchini China alijiunga na mwuzaji mashuhuri wa nchi hiyo katika kipindi cha mtandaoni ili kuisifu kahawa ya Rwanda, na wanunuzi wakaigombania. Hapo balozi halisi alifanya kazi ya mnadi kwa faida ya wakulima wa nchi yake, na aliifanya vema. Balozi aweza kunadi, lakini kunadi hakumfanyi mtu kuwa balozi.

La nne ni dalali. Hili lina sifa ya kukiri kwamba kuna faida, lakini halilingani na dhana. Dalali huunganisha pande mbili zinazopatana bei, ilhali mwuzaji wa televisheni huitaja bei iliyokwisha pangwa. Tena neno hili limeshikwa na dalali wa mahakama, anayeuza mali ya mdaiwa, na dalali wa nyumba wa mijini. Kuliongezea mzigo wa tatu si busara. Mpigadebe nalo ni jina la kejeli, ambalo haliwezi kuandikwa katika mkataba wa kazi.

Limebaki mnadi. Linatokana na kitenzi nadi, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ya msingi ni kuita kwa sauti ili watu wasikie. Linaeleza sauti, linaeleza hadhara, linaeleza kuuza. Vilevile si geni: mkulima wa Mang'ola analijua bila kufunzwa. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Hapa hatuna haja ya kuvuka hata ngazi ya kwanza.

Hata hivyo zipo pingamizi tatu ambazo hatuna budi kuzijibu. Yasemwa kwamba kwa televisheni hakuna kushindania bei, kwa hiyo hakuna mnada. Ni kweli kwamba hakuna mnada. Lakini kunadi ni kuita, na kushindania bei ni nyongeza tu. Wa Karatu anayetaja bei moja ya shati toka asubuhi hadi jioni huitwa mnadi, wala hapana aliyemkatalia.

Pili, yasemwa kwamba neno hili lina historia ya uchungu, kwa kuwa hata binadamu walinadiwa Unguja hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Hilo hatulifichi. Lakini lugha haisafishwi kwa kufuta kitenzi. Yafaa zaidi tuseme wazi ni kitu gani kinachoweza kunadiwa na kipi kisichoweza.

Tatu, yasemwa kwamba jina hili litawashusha wanaofanya kazi hiyo, kwa kuwa wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haimtukani mnadi. Inamwambia mnunuzi afumbue macho. Tahadhari si matusi, na jina linaloleta tahadhari kwa mnunuzi linamfaa pia mnadi mwaminifu, maana ndilo litakalomtenga na laghai. Tena kazi yake ni ujuzi wa kweli: kusimama saa nyingi, kusema bila maandishi, kuijua bidhaa mshono kwa mshono. Mtu asiye na jina la kazi hana daraja la mshahara, na vijana wanaoitwa kwa majina ya mapambo tu hujikuta hawamo katika muundo wowote wa ajira.

Jina la tendo

Katika tafsiri nyingi tendo hili huitwa ununuzi wa televisheni. Msomaji yeyote wa Kiswahili ataelewa kwamba mtu amekwenda dukani kununua televisheni. Lakini kosa la maana ni kubwa kuliko la utata. Kiingereza kimelitazama tendo hili kwa upande wa mnunuzi, kana kwamba kituo kimefungua tu mlango na watu wakajipitia. Ukweli ni kwamba kituo kinauza. Kiswahili kina uwezo wa kulitazama tendo kwa upande wa mtendaji wake, nasi tunapendekeza unadi wa televisheni, na kipindi chake kiitwe kipindi cha unadi. Hatupendekezi mnada wa televisheni, kwa sababu jina hilo twaliwekea akiba siku itakapotokea watu washindanie bei kwa kweli kupitia televisheni.

Walio nyuma ya pazia

Asili ya kazi hii katika sura yake ya sasa ni Marekani. Mwaka 1977, katika kituo kidogo cha redio huko Clearwater, Florida, mteja aliyeshindwa kulipia matangazo yake alitoa vifungulio vya makopo 112 badala ya fedha. Mtangazaji Bob Circosta aliamriwa avinadi hewani, navyo vikaisha. Mwaka 1982 mtindo huo ukaingia katika televisheni ya hapo hapo, mwaka 1985 ukaenea nchi nzima kwa jina la Home Shopping Network, na mwaka 1986 ikaanzishwa kampuni shindani, QVC. Tuangalie vizuri kisa hiki: mtu aliamka asubuhi akiwa mtangazaji, akalala akiwa mnadi, na jina lake la kazi halikubadilika. Mkanganyiko tunaouhakiki ulizaliwa siku hiyo.

Katika vituo vikubwa vya namna hiyo, anayeonekana ni sehemu ndogo ya kazi. Yupo aliyeiteua bidhaa miezi kadhaa kabla na kupatana na kiwanda. Yupo aliyeikagua ili kuona kama inafanya kile kitakachosemwa juu yake. Wapo waliopanga meza, taa na mavazi. Katika chumba cha mitambo yupo mtayarishaji anayezungumza na mnadi kwa kifaa kidogo cha sikioni, akimjulisha ni simu ngapi zinaingia. Zikiongezeka, mnadi huambiwa aendelee kuisifu bidhaa ile. Zikipungua, huambiwa ahamie nyingine. Mtazamaji hudhani kwamba furaha ya mnadi yatoka moyoni, kumbe pengine imetoka chumba cha pili.

Hapo ndipo tofauti ya Karatu inapodhihirika. Mnadi wa Karatu naye ana wasaidizi: mmoja hutoa nguo katika robota, mwingine hupokea fedha, mwingine huchunga wezi. Lakini wote wapo machoni. Mnunuzi huishika nguo, huivuta, huitazama juani. Na mnadi huyo ana dhamana moja ambayo haikuandikwa popote: mnada ujao atarudi pale pale, na aliyemwuzia shati lililooza atarudi pia. Mnadi wa televisheni hana siku ya kurudi. Kwa mama wa Endulen anayetuma fedha kwa simu ili aletewe dawa ya miguu, pazia ni refu kuliko kreta.

Lugha haiwezi kuliondoa pazia hilo, ila inaweza kuwataja walio nyuma yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka auzaye kwa njia hiyo ajitambulishe na kuieleza bidhaa na bei yake. Kanuni za namna hiyo zikifasiriwa kwa neno moja tu, mhusika, hakuna atakayehusika. Zikifasiriwa kwa majina ya kazi, kila mtu atajua sehemu yake.

Maneno ya kumvuta mnunuzi

Tuyapitie sasa maneno machache ya vipindi hivi yanayohitaji kuchungwa.

Mubashara ni neno lililokwisha kukubalika kwa kitu kirushwacho wakati kinapotendeka. Lisiandikwe juu ya kipindi kilichorekodiwa, hasa kama pembeni kuna saa inayohesabu dakika zilizobaki. Saa ya kipindi kilichorekodiwa haihesabu chochote.

Ofa ni neno lenye watu watatu ndani yake. Baani ni kinywaji ulicholipiwa. Katika idara ya ardhi ni barua ya kupewa kiwanja. Kiooni ni bei iliyopunguzwa. Mfugaji anayesikia ofa aweza kudhani anapewa. Pasemwe punguzo, na itajwe bei ya kwanza na bei ya sasa.

Waranti, kwa mtumishi wa serikali, ni hati ya kusafiria. Na dhamana, kwa watu wengi, ni ya kumtoa mtu mahabusu. Kati ya mawili hayo tunachagua dhamana, kwa kuwa wazo la kubeba wajibu limo ndani yake, lakini iambatane daima na muda na jina la anayeitoa: dhamana ya mwaka mmoja ya kampuni fulani. Dhamana isiyo na mdhamini ni pumzi.

Ushuhuda ni neno la mahakamani na la kanisani. Mtu aliyepewa fedha aseme kwamba amepona mgongo hashuhudii. Maneno yake yaitwe maelezo ya mtumiaji. Na kama amelipwa, maelezo ya kulipiwa.

Oda tunaikubali, ingawa ni neno la kukopa. Agizo limekwisha kushikwa: ofisini ni amri ya mkubwa, na uagizaji ni kuleta bidhaa kutoka nje ya nchi. Neno la kigeni lenye maana moja ni bora kuliko la asili lenye maana tatu.

Seti, paketi na dozi ni vipimo visivyopima. Wakulima wa vitunguu wanajua madhara ya lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba hadi kupita kilo 100 za sheria, ambalo Wakala wa Vipimo umelipiga vita kwa miaka mingi. Lakini lumbesa angalau huonekana kwa macho. Seti ya televisheni haionekani ukubwa wake, kwa hiyo mnadi alazimike kutaja idadi, uzito au ujazo.

Bure nalo lichungwe. Kitu kinacholetwa bure, lakini mnunuzi ameambiwa atume bei pamoja na ya kutolea, si cha bure.

Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

Unadi wa televisheni: uuzaji wa bidhaa kwa kuzieleza na kuzionyesha katika televisheni, kwa bei iliyotajwa.

Kipindi cha unadi: kipindi chenye shabaha hiyo. Maneno haya yaonekane kiooni muda wote wa kipindi.

Mnadi wa televisheni: mtu anayezieleza na kuzionyesha bidhaa hizo.

Mteuzi wa bidhaa: anayechagua kitakachonadiwa.

Mkaguzi wa bidhaa: anayehakikisha kwamba yatakayosemwa ni kweli.

Mtayarishaji: neno lililopo, libaki kwa msimamizi wa kipindi.

Mpokea oda: anayepokea simu na fedha za wanunuzi.

Mtangazaji libaki kwa mtoa habari na mwendesha vipindi visivyouza. Mwenyeji na balozi yarudishwe kwa wenyewe.

Walimu wanaweza kuyajaribu maneno haya darasani kwa kuwapa wanafunzi kipindi kimoja cha unadi na siku moja ya mnada, wakaorodhesha watu waliowaona na wasiowaona. Wafasiri wa sheria na kanuni tunawaomba watuletee mahali ambapo istilahi hizi zimekwama katika matumizi. Na wasomaji wa Karatu, Ngorongoro na wilaya nyingine zenye minada, ambao huenda wana majina bora zaidi ya kazi za msaidizi wa mnadi, mpokea fedha na mchunga robota, tunawaomba watuandikie kabla majina hayo hayajamezwa na maneno ya kutafsiriwa.